Bruda Laurent: Mtawa aliyemwabudu Mungu akiwa jikoni

WATU wanapowataja walimu wakuu wa sala, aghalabu fikira zao huwaendea maaskofu, wahubiri na wanazuoni. Ni nadra mpishi kukumbukwa. Hata hivyo, mmoja wa walioacha athari kubwa katika maisha ya kiroho ya Wakristo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, alikuwa mpishi aliyechechemea katika nyumba ya watawa jijini Paris.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa mwaka wa 1614 hivi katika kijiji cha Hériménil, eneo la Lorraine ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa. Jamaa zake walikuwa watu wa hali ya chini, naye hakubahatika kupata elimu kubwa.

Akiwa na umri wa miaka 18, aliuona mti uliopukutika majani yote kwa sababu ya baridi kali. Akawaza kwamba baada ya muda mfupi mti uo huo ungechipuka, uchanue na kuzaa matunda. Wazo hilo lilimtia moyoni hisia ya uwezo na utunzaji wa Mungu ambayo haikumtoka tena maishani.

Lakini kabla ya kuifuata sauti hiyo alikuwa askari katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiteketeza Ulaya kuanzia 1618 hadi 1648. Alitekwa na majeshi ya Wajerumani, akashukiwa kuwa jasusi na kutishiwa kunyongwa. Alipoachiliwa alirejea vitani, akajeruhiwa katika mji wa Rambervillers na kulazimika kurudi nyumbani kwa wazazi wake.

Baadaye aliajiriwa jijini Paris kuwa mtumishi wa bwana mmoja tajiri. Kazi hiyo ilimshinda. Alikuwa mzito wa mikono, na kila alichoshika alikivunja. Mwaka wa 1640 alijiunga na shirika la Wakarmeli Peku akiwa bruda asiye kasisi, akaitwa Laurent wa Ufufuko. Alitarajia kwamba huko angeadhibiwa vikali kwa uzito wake huo, na aliikubali adhabu hiyo kama malipo ya dhambi zake. Kinyume cha matarajio yake, alikuja kupata furaha.

Furaha hiyo, hata hivyo, ilichelewa. Kwa takriban miaka 10 ya mwanzo aliteswa na hofu kwamba Mungu alikuwa amemkataa. Dhambi zake za zamani zilimwandama usiku na mchana. Mwishowe aliamua kwamba, awe ataokolewa au ataangamia, angempenda Mungu hadi kufa pasipo kudai chochote. Alipoliacha shauri la hatima yake mikononi mwa Mungu, ndipo amani ilipomjia, na ikadumu.

Wakati huo wote alikuwa amepangiwa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda hata kidogo. Aliifanya kwa miaka ipatayo 15. Alianza kila kazi kwa kumwomba Mungu msaada, akazungumza naye kimoyomoyo akiwa kazini, na alipomaliza alijichunguza. Akiona amefanya vyema alishukuru. Akiona amekosea aliomba msamaha na kuendelea bila kujisumbua. Kwake, kugeuza kimanda katika kikaango au kuokota unyasi sakafuni kwa ajili ya kumpenda Mungu kulikuwa ibada kamili. Katikati ya makelele ya jikoni, watu kadhaa wakimwitisha vitu tofauti kwa wakati mmoja, alisema alikuwa na utulivu sawa na ule aliokuwa nao akipiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu.

Hata alipotumwa Burgundy kununua mvinyo wa watawa, safari ngumu kwa mtu mwenye ulemavu wa mguu, ambaye ilimbidi ajiviringishe juu ya mapipa ili asogee ndani ya mashua, alimwachia Mungu biashara hiyo, na mambo yakaenda vizuri. Baadaye alihamishiwa katika kazi ya kutengeneza makubadhi.

Kuanzia mwaka wa 1666, kasisi Joseph de Beaufort alimtembelea na kuyaandika mazungumzo yao. Bruda Laurent alifariki Februari 12, 1691. Beaufort alichapisha maandishi yake mwaka wa 1692, kisha masimulizi ya maisha na mazungumzo yake mwaka wa 1694.

Punde maneno ya mpishi huyo yakaingizwa katika mabishano makali ya wanateolojia wa Ufaransa kuhusu sala ya kimya. Askofu mkuu Fénelon, aliyewahi kumtembelea na aliyemtegemea katika hoja zake, alipingwa na Papa mwaka wa 1699. Kitabu cha bruda huyo hakikuzama. Kilivuka mipaka ya nchi na ya madhehebu, na katika karne ya 18 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikiingiza katika mkusanyo wa vitabu aliowachapishia wafuasi wake.

Hivyo basi, mtu aliyefukarika kwa elimu na cheo amewafunza wasomi wengi. Anayepika, anayefagia au anayeshona viatu hana haja ya kungoja Jumapili ifike ndipo aabudu. Madhabahu yake i mbele yake, palipo na kazi yake.