Padre Aliyewaita Wana Wema: Maisha ya Mtakatifu Luigi Guanella

Kaskazini mwa Italia, katika milima ya Alpi iliyo karibu na mpaka wa Uswisi, kuna kijiji kidogo kiitwacho Fraciscio. Hapo, tarehe 19 Desemba 1842, alizaliwa Luigi Guanella, mtoto wa tisa kati ya watoto 13 wa Lorenzo Guanella na Maria Bianchi. Baba alikuwa mtu mkali, mwenye kushika neno lake. Mama alikuwa mpole. Ardhi ya bonde lile ni haba na yenye mawe, na wakati wa baridi theluji hufunika njia. Mtu wa Goma, aliyezoea kujenga na kulima juu ya mawe ya volkano, angeielewa upesi nchi ile.

Luigi alipokuwa mdogo alipenda kucheza na dada yake Caterina. Walitia udongo na maji katika tundu la jiwe, wakakoroga, wakajifanya wanawapikia maskini supu, wakaahidiana kuwapikia kweli watakapokuwa wakubwa. Wazee walioutazama mchezo ule hawakujua kwamba ahadi ile ingetimizwa.

Watu waliofichwa

Siku zile katika mabonde ya Alpi walikuwako watu wengi wenye uvimbe mkubwa wa shingo, na watoto wengine walizaliwa wafupi wa kimo na wazito wa akili. Hakuna aliyejua sababu kwa hakika. Basi watu walifanya kama wafanyavyo wanadamu mahali pengi wasipojua sababu ya jambo: waliogopa, au walicheka, au walificha. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kwa majina ya matusi, akafuatwa njiani kwa kelele, akaondolewa machoni pa wageni.

Leo sababu yajulikana. Katika udongo wa milima ile mlikuwa na upungufu wa ayodini, madini ambayo mwili wa mama mjamzito huyahitaji kwa kiasi kidogo sana ili ubongo wa mtoto ukue vema. Uswisi ilianza kuyatia katika chumvi mwaka 1922, na ugonjwa ukapungua sana. Jambo lilo hilo limeonekana katika Ziwa Kivu. Miaka ya 1960 waganga walichunguza kisiwa cha Idjwi, wakakuta huko watu wengi wenye uvimbe wa shingo, na wengine wenye ulemavu wa akili kwa upungufu ule ule. Tena wakatambua kwamba mihogo isiyotayarishwa vema huuzidisha. Haukuwa uchawi, wala laana ya ukoo, wala kosa la mama.

Ulemavu wa akili una sababu nyingine pia. Mtoto mmoja alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mwingine alipata homa kali ya ubongo. Mwingine ana hali ya mwili iliyoelezwa mwaka 1959 na daktari Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa, hali ambayo ndani yake kromosomu ni 47 badala ya 46. Luigi Guanella hakuyajua mambo hayo ya elimu. Lakini alijua jambo moja lililo kubwa kuyapita yote: kwamba mtu huyo ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye alibatizwa kwa maji yale yale.

Padre wa mlimani

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa shuleni katika mji wa Como, kisha akaingia seminari. Akapewa upadre tarehe 26 Mei 1866. Mwaka uliofuata akatumwa Savogno, kijiji kilichoko juu mlimani, ambako mtu hufika kwa kupanda ngazi za mawe. Alikaa huko hata mwaka 1875. Mchana alifundisha watoto, jioni aliwafundisha watu wazima kusoma. Walio maskini kabisa, wasiopokelewa popote, aliwatafutia nafasi katika mji wa Turin, kwenye nyumba kubwa ya huruma iliyoanzishwa na Mtakatifu Giuseppe Cottolengo. Kila alipomwaga mmoja wao, alitamani kuanzisha kazi kama ile karibu na watu wake.

Mwaka 1875 alikwenda Turin kwa Mtakatifu Yohane Bosco, akakaa naye muda wa miaka mitatu. Huko alijifunza namna ya kulea kwa upendo na uangalizi, bila fimbo na bila vitisho. Askofu wake akamwita arudi, naye akatii.

Njia yake haikuwa nyepesi. Wakuu wa serikali ya siku zile, waliolipinga Kanisa, walimtilia mashaka kwa sababu ya kitabu alichokitoa mwaka 1872. Alifungua shule katika Traona, wakaifunga. Akapelekwa Olmo, mahali padogo palipo mbali. Alikuwa karibu na miaka 39, na kwa macho ya watu alikuwa hajafanikiwa katika jambo lolote.

Mwezi wa Novemba 1881 alipewa parokia ya Pianello, kando ya Ziwa la Como. Padre aliyemtangulia, Carlo Coppini, alikuwa ameacha nyumba ndogo ya yatima na wazee, nayo ililindwa na wasichana wachache. Kati yao walikuwamo ndugu wawili, Marcellina na Dina Bosatta. Dina, aliyeitwa baadaye Sista Chiara, alikuwa na miaka 23. Padre Luigi aliona kwamba kile alichokitafuta kwa miaka mingi kilikwisha kuanzishwa na vijana hao, kimya kimya, kwa mikono mitupu.

Mwezi wa Aprili 1886 kikundi kidogo kilitoka Pianello kwa mashua, kikavuka ziwa mpaka Como, na hapo ikaanza Nyumba ya Maongozi ya Mungu. Sista Chiara aliyatumikia maskini yale mwanzo kwa moyo wote. Akaugua, akafariki tarehe 20 Aprili 1887, kabla hajatimiza miaka 29. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1991. Basi asiseme kijana yeyote kwamba kazi ya huruma ni ya wazee.

Jina jipya

Katika nyumba ya Como walipokelewa yatima, wazee, na hasa wale ambao milango mingine ilifungwa mbele yao, yaani watu wenye ulemavu wa akili. Padre Luigi hakukubali waitwe kwa majina yaliyotumika mitaani. Wanaume aliwaita wana wema, na wanawake aliwaita binti wema. Hakuwaita hivyo kwa sababu walibaki wadogo. Wengi walikuwa watu wazima. Aliwaita hivyo kwa sababu mwana si mgeni wala mfungwa nyumbani mwa baba yake. Mwana ana sahani yake mezani.

Msomaji mpenzi, tazama jambo hili katika lugha ya Kiswahili. Mtu huitwa mtu, mgeni huitwa mgeni, mwalimu huitwa mwalimu. Lakini asiyeona aliitwa kipofu, asiyesikia akaitwa kiziwi, mwenye mguu mbovu akaitwa kilema, kana kwamba wametiwa pamoja na kiti na kikapu. Kwa mwenye ulemavu wa akili maneno ni mabaya zaidi: punguani, zezeta, taahira. Neno la namna hiyo linapotupwa kila siku, mtoto huyo huacha kutoka nje, na mama yake huacha kumleta kanisani. Jiwe humwumiza mtu mara moja. Jina la dharau humfuata hata kitandani. Ndiyo maana leo watu wenye busara husema mtu mwenye ulemavu, wakitanguliza utu. Padre Luigi alitangulia kuiona hekima hiyo kwa zaidi ya miaka mia.

Kazi, meza na sakramenti

Jina zuri peke yake halitoshi. Upande wa kaskazini wa Ziwa la Como palikuwa na uwanda wa kinamasi, wenye mbu na malaria, uitwao Pian di Spagna. Mwishoni mwa karne ya 19 Padre Luigi alipata ardhi huko, akawapeleka wana wema pamoja na walezi wao. Wakachimba mifereji, wakakausha maji, wakalima. Hapo pakatokea makao ya Nuova Olonio. Watu waliodhaniwa kuwa hawafai kitu walikuwa wamegeuza kinamasi kuwa shamba. Kila mmoja alifanya kadiri ya nguvu zake, na hakuna aliyeambiwa kaa kando, kazi hii si yako.

Tena hakuwanyima mambo ya Mungu. Alitaka nyumba zake ziwape wakaao ndani yake chakula cha mwili na cha roho pamoja. Papa Pio X, aliyekuwa rafiki yake, alitoa amri mwaka 1910 kwamba watoto wasicheleweshwe kupokea Komunyo. Mojawapo ya yanayotakiwa ni mtoto aweze kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na kuupokea kwa ibada kadiri ya umri wake. Makatekista na waufikiri sana uamuzi huo. Yuko mtoto asiyeweza kukariri katekisimu, lakini hupiga goti mbele ya Tabernakulo kwa heshima kuliko wenzake wanaoijua yote. Je, nani aliyesema kwamba asiyejibu swali hana imani?

Kazi ikakua. Tarehe 24 Machi 1908 Padre Luigi na wenzake wa kwanza walitoa nadhiri katika shirika la Watumishi wa Upendo. Masista walikwisha kupata shirika lao la Mabinti wa Mtakatifu Maria wa Maongozi. Mwishoni mwa mwaka 1912, akiwa na miaka 70, alivuka bahari kwenda Marekani, na mwaka 1913 masista wa kwanza wakafika Chicago. Katika mji huo huo, tarehe 20 Julai 1968, Eunice Kennedy Shriver na wenzake walifanya kwa mara ya kwanza mashindano makubwa ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ambayo leo hujulikana duniani kote kwa jina la Special Olympics.

Ardhi ilipotetemeka

Tarehe 13 Januari 1915 tetemeko la ardhi liliharibu mji wa Avezzano na vijiji vingi vya Italia ya kati. Watu karibu 30,000 walikufa. Padre Luigi alikuwa mzee wa miaka 72, mwenye mwili dhaifu. Hata hivyo alikwenda kati ya magofu na baridi, akawachukua yatima na walioachwa bila mtu, akawafungulia nyumba zake.

Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa maneno hayo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka ukapita katikati ya mji, ukaliharibu hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 watu walikimbia tena. Katika saa kama hiyo kila mmoja hushika kilicho chake: mtoto, godoro, sufuria. Lakini yuko nyumbani mtu asiyeelewa kelele za jirani, asiyejua kwa nini mbingu ni nyekundu, ambaye hujificha chini ya kitanda kwa hofu badala ya kukimbia. Ni nani atakayemshika mkono? Jirani asiyejua hata jina lake hatamkumbuka. Yule aliyezoea kumsalimu kila asubuhi, huyo atarudi kumchukua.

Mwisho wa safari

Mwezi wa Septemba 1915 Padre Luigi alipatwa na kupooza, na tarehe 24 Oktoba 1915 akafariki huko Como. Papa Paulo VI alimtangaza Mwenye Heri tarehe 25 Oktoba 1964, na Papa Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu tarehe 23 Oktoba 2011. Wana wake wa kiroho wamefika Afrika, na katika nchi ya Kongo wanafanya kazi Kinshasa.

Mfano kwa vijana

Padre Luigi hakuanza kwa fedha wala kwa majengo. Alianza kwa kumtazama mtu ambaye wengine walimgeuzia kisogo, akampa jina, kiti na kazi. Mambo hayo matatu kijana wa Goma aweza kuyafanya bila kungoja ruhusa ya mkubwa. Amsalimu kwa jina lake yule mwenzake aliye mzito wa akili, na awanyamazishe wanaomcheka. Wakicheza mpira, ampe nafasi, ampigie pasi kweli, si kwa kumhurumia. Aende kumwambia mama yake kwamba Jumapili kuna nafasi ya mtoto wake katika benchi la vijana, na Jumapili ikifika aende amchukue. Kwa katekista amwombee mahali katika mafundisho, naye mwenyewe akae karibu naye na kumwonyesha polepole ishara ya msalaba. Huenda itachukua mwezi mzima. Mwezi huo hautapotea.