Habari za Maisha ya Daktari Robert Koch

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, Ujerumani. Alipokuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, mifugo ilikufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kijidudu cha kimeta hufanya mbegu ngumu, zidumuzo udongoni miaka mingi. Mwaka 1889, katika maabara yake, Mjapani Kitasato alitenga kijidudu cha pepopunda: alipasha vijidudu moto, vingine vikafa, mbegu zake zikasalia. Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam kuchunguza maradhi. Akafariki mwaka 1910.

Ndugu wasomaji, mbegu hizo za pepopunda zimo hata katika udongo wa kwetu Mpendae. Mtoto akichomwa msumari, tusilidharau jeraha. Tulioshe, tumpeleke upesi achanjwe.