Johnny Walker: Mlevi Asiyeonja Kileo

Wale waliokuwa vijana Mombasa zama za sinema za Regal na Naaz hawatakosa kumkumbuka yule bwana mwembamba wa filamu za Kihindi, mwenye masharubu kama mstari wa wino na sauti ya puani, ambaye akitokea tu ukumbi mzima huangua kicheko kabla hajatamka neno. Huyo ndiye Johnny Walker.

Jina hilo ni la chupa. Jina alilopewa na wazazi wake ni Badruddin Jamaluddin Kazi, mtoto wa Kiislamu wa mji wa Indore, aliyezaliwa katika miaka ya 1920. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa mzee hakuwa na budi kuwachukua watu wake akahamia Bombay, ambayo leo yaitwa Mumbai. Watoto walikuwa kumi. Badruddin aliacha skuli darasa la sita akawa mchuuzi, mara mboga, mara matunda, mara barafu za vijiti, hata akapata kazi ya ukondakta wa basi kwa mshahara wa rupia 26 kwa mwezi.

Basi hilo ndilo lililokuwa chuo chake. Alivitangaza vituo kwa mizaha na kubadili sauti, akitumai kuwa miongoni mwa abiria siku moja atakuwamo mtu wa sinema. Na alikuwamo: Balraj Sahni, mwigizaji aliyekuwa wakati huo akiandika mchezo wa Baazi. Kwa shauri la Sahni, kondakta wetu aliingia ofisini kwa mwongozaji Guru Dutt akipepesuka, ulimi mzito, akiwasumbua waliokuwamo. Ilipofichuliwa kuwa ni mchezo mtupu, Guru Dutt alifurahi, akampa nafasi katika Baazi, filamu iliyotoka 1951, na akambandika jina la wiski ile mashuhuri.

Ajabu ni kwamba mwenye jina hilo hakuonja kileo maisha yake yote. Bila shaka wapo watakaouliza, na si swali la kupuuzwa, kama yafaa Muislamu kula chumo la kuigiza haramu na kubeba jina lake. Mimi naona hivi: mlevi wa Johnny Walker hakuwa mtu wa kutamaniwa. Watu walimcheka, na hakuna aliyetoka ukumbini akitaka kuwa kama yeye.

Tena ulevi haukuwa mtaji wake wote. Katika C.I.D. ya 1956 alikuwa mwizi wa mifukoni. Katika Pyaasa ya 1957 alikuwa Abdul Sattar, mkandaji wa vichwa anayezunguka na mafuta yake, na wimbo aliotiliwa sauti na Mohammed Rafi ulivuma kuliko nyimbo nyingi za wakubwa. Ikawa wasambazaji wa filamu wakitaka naye awekewe wimbo wake, heshima ambayo wachekeshaji hawakuizoea. Kwa Madhumati ya 1958 alipata tuzo ya Filmfare. Alimwoa Noor, dada wa mwigizaji Shakila, ingawa jamaa za bibi hawakuridhia.

Oktoba 1964 Guru Dutt alikutwa amekufa nyumbani kwake Bombay, umri miaka 39, baada ya kuchanganya pombe na dawa za usingizi. Aliyetoa jina la chupa ndiye aliyeangamizwa nayo. Aliyepewa aliishi karibu miaka 40 baadaye akinywa chai.

Alicheza filamu zipatazo 300, na alijivunia kwamba wakaguzi wa serikali hawakupata neno lake la kukata. Katika Anand ya 1971 alionyesha kuwa aliweza kuliza pia. Baadaye vichekesho vilipoingiwa na matusi, alijitenga, akabaki na biashara na familia yake. Yeye aliyeishia darasa la sita aliwapeleka wanawe kusoma Marekani.

Kamal Haasan alimrudisha mara moja tu, katika Chachi 420 ya mwaka 1997, akiwa fundi wa kuwapamba waigizaji. Alifariki Mumbai tarehe 29 Julai 2003. Mola amrehemu.