Bwana wa Senti Tano: Maisha ya Frank Woolworth

Rahisi ni ghali, walisema wahenga wetu. Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala juu ya methali hiyo, nami nikapangwa upande wa wapingaji. Sikulalamika. Likizoni mimi humsaidia mjomba wangu anayeuza karai, makoleo na majembe pale Kamukunji, Nairobi, kwa hivyo namjua vizuri yule mteja anayeuliza bei, anasonya, anaenda zake, kisha anarudi baada ya kuzunguka soko lote. Nilihitaji mfano wa mtu aliyeinuka kwa kuuza vitu vya bei ya chini. Nikampata Frank Woolworth. Dakika nilizopewa hazikutosha hata robo ya habari zake, ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida hili.

Frank Winfield Woolworth alizaliwa tarehe 13 Aprili 1852 huko Rodman, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini. Yeye na mdogo wake Charles walikua wakikama ng'ombe na kuchimba viazi katika baridi ya kaskazini, na kazi hiyo Frank aliichukia kama ukoma. Alichotaka ni kusimama nyuma ya kaunta ya duka, basi.

Mwaka wa 1873 alipata nafasi katika duka la nguo mjini Watertown. Nafasi gani! Miezi 3 ya kwanza alifanya kazi bila kulipwa hata senti moja. Baada ya hapo akapewa dola 3 na nusu kwa wiki, pesa ambazo ziliishia kwenye chakula na malazi. Na kumbe hakuwa na kipaji cha kuuza. Alikuwa na haya na hakujua kumbembeleza mteja. Alichoweza ni kupanga bidhaa dirishani zikapendeza macho. Duka la pili alilohamia lilimlipa dola 10 kwa wiki, kisha mwajiri akaona hauzi kitu, akampunguzia hadi dola 8. Frank akaugua, akarudi kwao mashambani akiwa hoi. Mwaka wa 1876 alimwoa Jennie Creighton, binti aliyetoka Kanada, na wakajaribu kufuga na kulima kile kile alichokikimbia.

Ukitaka kuelewa kilichofuata, fikiria duka la siku hizo. Bidhaa zilikaa nyuma ya karani. Ulimwambia unachotaka, akakushushia, na mara nyingi bei ilikuwa imeandikwa kwa alama za siri ambazo yeye pekee alizisoma. Maskini aliyeingia na sarafu moja mfukoni aliona haya hata kuuliza. Ni kama baadhi ya maduka ya humu mwetu, yale ya vioo vikubwa, ambayo mimi huyapita upande wa pili wa barabara.

Mwaka wa 1878, Frank akiwa amerudi kwa mwajiri wake wa kwanza, Bwana William Moore, meza moja ilipangwa vikorokoro na kuwekwa tangazo kwamba chochote juu yake ni senti 5. Watu walivamia. Bidhaa zilizokuwa zimelala rafuni zikaisha siku hiyo hiyo. Wengine waliona mbinu ya kuondoa mali iliyokwama, lakini Frank aliona duka zima la namna hiyo.

Moore akamkopesha bidhaa za thamani ya dola zipatazo 300, na tarehe 22 Februari 1879 Frank akafungua duka mjini Utica. Husimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa koleo dogo la kuzolea majivu ya moto. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana nimeyauza makoleo ya aina hiyo mpaka mikono ikawa meusi. Vingine vilikuwa vikombe vya bati, vyombo vya kukatia biskuti, miko na vichungio. Lakini duka lilikuwa mahali pabaya, na watu walipozoea tangazo wakaacha kuja. Kabla mwaka haujafika nusu, Utica ilikuwa imefungwa.

Hapa ndipo ningekata tamaa mimi. Yeye alilipa deni, akahesabu kilichobaki, na tarehe 21 Juni 1879 akafungua tena mjini Lancaster, Pennsylvania, kwa wakulima wenye asili ya Kijerumani waliojulikana kwa kubana pesa. Siku ya kwanza aliuza bidhaa za dola 127 na senti 65, na kila kitu kilikuwa senti 5! Piga hesabu mwenyewe uone ni mikono mingapi iliyopokea bidhaa siku hiyo. Maduka yaliyofuata Harrisburg na York hayakudumu, lile la Scranton, aliloliendesha pamoja na Charles, likasimama. Punde bei ya senti 10 ikaongezwa, na maduka yakaitwa kwa jina hilo la senti tano na kumi.

Sasa swali ambalo mpinzani wangu wa mjadala aliniuliza kwa kejeli: senti 5 itatoa faida gani? Jibu ni kwamba Woolworth alinunua kwa pesa taslimu, kwa wingi, moja kwa moja kutoka kiwandani, akawaruka madalali. Bidhaa zilimwagwa juu ya kaunta, mteja akashika mwenyewe, akageuza, akachagua. Bei ilijulikana na hakukuwa na kuvutana. Kadiri maduka yalivyozidi ndivyo alivyoagiza shehena kubwa zaidi, na mwenye kiwanda akashusha bei asimpoteze. Nyundo, bisibisi na misumari vikapata kaunta yao karibu na sindano na vikombe. Mwaka wa 1890 alisafiri hadi Ulaya kununua. Huko Ujerumani aliona familia nzima, watoto wakiwemo, wakitengeneza wanasesere na mapambo ya kioo ya Krismasi nyumbani kwao kwa malipo madogo mno. Aliona, akaagiza.

Maduka yakaenea kama moto wa nyikani. Tarehe 5 Novemba 1909 alifungua la kwanza Uingereza, mjini Liverpool, kwa bei ya peni 3 na 6. Mwaka wa 1912 aliunganisha maduka yake na ya Charles, ya binamu yake na ya washirika wengine, yakawa 596 chini ya kampuni moja. Moore naye alikuwemo. Mzee huyo alipopata shida za biashara ni Frank aliyemshika mkono, na kwa hilo nampa heko. (Duka la Woolworths la Afrika Kusini, ambalo baadhi yenu mmelisikia, si la ukoo huu. Ni jina tu.)

Tarehe 24 Aprili 1913 jumba lake lilizinduliwa jijini New York, Rais Woodrow Wilson akibonyeza kitufe akiwa Washington na taa maelfu zikawaka. Lina urefu wa mita 241, na halikupitwa na jengo lolote duniani hadi 1930. Liligharimu dola milioni 13 na nusu, naye alilipa taslimu. Ofisi yake humo aliipamba kwa mtindo wa enzi za Napoleon. Mtoto wa viazi huyo!

Nyumbani mambo hayakuwa ya dhahabu. Mkewe Jennie alipoteza fahamu za akili uzeeni. Frank mwenyewe alikuwa na meno mabovu na aliwaogopa madaktari wa meno, na sumu ya meno hayo ndiyo inayosemekana ilimuua tarehe 8 Aprili 1919, siku 5 kabla ya kutimiza miaka 67. Wosia mpya alikuwa hajautia sahihi. Ule wa zamani, wa mwaka wa 1889, ulimwachia kila kitu Jennie, ambaye wakati huo hakuweza hata kuelewa kwamba ni mjane wa mwenye maduka zaidi ya 1,000.

Maduka yenyewe yalimshinda kwa umri. Yale ya Marekani yalifungwa 1997, na ya Uingereza Januari 2009.

Katika mjadala nilifika hapo, mtunza saa akagonga kengele, nikashangiliwa, nikaketi. Lakini kuna ukurasa niliubakiza mfukoni, na nakiri sikuusikitikia, kwa kuwa ulifaa upande wa pili. Wauzaji wa Woolworth wengi walikuwa wasichana waliolipwa dola 2 au 3 kwa wiki. Katika miaka ya 1890 aliwaandikia mameneja wake kwamba bidhaa rahisi haziwezi kuuzwa bila vibarua wa rahisi, na kwamba msichana akijua kazi kiasi cha kutaka zaidi, aachwe aende. Ni yeye yule aliyefagia duka miezi 3 bila malipo. Nimejaribu kumtetea katika hili nikashindwa.

Mnamo Februari 1937, miaka 18 baada ya kifo chake, wasichana zaidi ya 100 katika duka moja la Woolworth mjini Detroit waliacha kuuza, wakafunga milango na kulala humo humo kwa wiki nzima. Kampuni ilikubali kuwaongezea mshahara. Nyongeza yenyewe ilikuwa senti 5 kwa saa.