Lewis Fry Richardson: mwenye aliingiza maji ya udongo katika hesabu ya meteo

Tukisikia meteo, wengi tunafikiria mawingu tu. Lakini mulimaji anajua jambo lingine: shamba likiwa na maji, joto ya mchana haipande sana; likikauka, jua inachoma tangu saa ine ya asubui. Jambo hilo liko ndani ya hesabu ya meteo zaidi ya miaka 100 sasa, na mwenye aliliingiza ni Muingereza Lewis Fry Richardson.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 huko Newcastle, katika jamaa ya Quakers, kanisa la Marafiki lenye linakataza kushika silaha. Alisoma Cambridge, akamaliza 1903. Mwaka 1906 alipata kazi kwa kampuni moja ya udongo mweusi wa mabaki ya majani, sawa ule wa Cuvette Centrale kwetu, wenye Wazungu walikuwa wanakausha na kuchoma kama kuni. Swali lilikuwa hili: mifereji ichimbwe namna gani ili udongo usilowe sana wala usikauke kupita, kufuatana na mvua ya mwaka? Hesabu za kawaida zilishindwa. Richardson akagawa udongo katika vipande vidogo, akahesabu maji ya kila kipande kufuatana na jirani zake.

Mwaka 1913 akapewa kuongoza kituo cha Eskdalemuir, Scotland. Hapo njo alianza kufikiri kwa bidii kama hewa pia inaweza kugawanywa vile vile. Mwaka 1916 akaacha kazi na kwenda Ufaransa, si kupigana, lakini kuwa shofere wa ambulansi. Kati ya safari za kubeba majeruhi, alihesabu kwa mkono hewa ya tarehe 20 Mei 1910 katika Ulaya ya kati, kwa masaa 6 tu. Jibu lilisema mgandamizo wa hewa utapanda hektopaskali 145. Kumbe siku ile haukubadilika sana. Tena karatasi zake zikapotea vitani 1917, zikaokotwa nyuma ya miezi chini ya makala huko Ubelgiji.

Hata hivyo alitoa kitabu 1922, bila kuficha kosa lile. Ndani yake hakuishia kwa hewa. Aliandika namna maji yanatembea ndani ya udongo, na namna majani ya miti yanatoa maji kupitia vitundu vidogo. Sababu iko wazi: jua ikipiga udongo wenye maji, nguvu yake mingi inaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Udongo ukikauka, nguvu ile inapasha hewa. Na mvuke ule unaweza kurudi kuwa wingu na mvua.

Mwaka 1920 ofisi ya meteo iliwekwa chini ya wizara ya ndege, yenye ilisimamia pia ndege za vita. Richardson akaacha kazi. Kiisha akatumia miaka mingi kutafuta kwa hesabu kwa nini watu wanapigana. Alikufa tarehe 30 Septemba 1953, lakini alikuwa amesikia kama mwaka 1950 ordinatere ya Marekani, ENIAC, iliweza kufanya ile kazi yake.

Leo kituo cha meteo cha Ulaya kinagawa udongo katika tabaka 4, mpaka karibu metre 3 chini. Lakini vyombo vya kupima ndani ya udongo ni vichache, na satelite kama SMOS, yenye ilirushwa 2009, inaona sentimetre chache tu za juu. Kwa hiyo mara mingi ordinatere inakisia. Hewa ikipata joto kupita ile iliyotabiriwa, inapunguza maji ya udongo katika hesabu yake, hata kama kosa lilitoka kwa mawingu.

Njo maana, ukiona karte yenye inaonyesha udongo umelowa, usiitwae kama kipimo cha shamba lako. Inasaidia kutabiri joto na mvua ya eneo kubwa. Mbele ya kutupa mbegu ya mahindi, chimba kidogo, shika udongo kwa mkono, uangalie kama unashikamana. Mbegu ikioza ao ikikauka, meteo haitakulipa.