Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, pwani ya Ras al-Khaimah ya leo. Baba yake na babu yake walikuwa marubani; Waarabu wakimwita mtu wa kazi hiyo mu'allim, na ndilo neno letu mwalimu. Mwaka 895 wa Hijra (1489–90) alitimiza kitabu chake kikubwa, Al-Fawa'id, akaeleza humo dira yenye pande 32, misimu ya pepo, na kupima kimo cha nyota kwa vidole. Chombo cha kupimia kilikuwa kibao na uzi wenye mafundo, basi. Rubani huushika uzi kwa meno, akakinyosha kibao mbele yake hata ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uiguse nyota.

Mwanachuoni wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika kwamba Ibn Majid, akiwa amelewa, ndiye aliyewaonyesha Wareno njia ya Bara Hindi. Tuhuma nzito mno kwa Mwislamu, na mwenye kuituhumu alizaliwa baada ya safari ile! Wareno waling'oa nanga Malindi Aprili 1498, na Barros, mwanahistoria wao, amemtaja rubani wao kuwa mtu wa Gujarat. Julfar si Gujarat. Hata hivyo maneno ya Nahrawali yamenakiliwa kitabu baada ya kitabu.