Friedrich Froebel: Mwalimu wa Vipande vya Mbao

Mwalimu anapowagawia watoto wa madarasa ya chini vipande vya mbao ili wajengee, watu wengi hudhani kwamba anawapumzisha baada ya kazi. Katika makala hii tunakusudia kueleza maisha ya mtu aliyeipinga dhana hiyo hadi kufa kwake. Mtu huyo ni Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule za watoto wadogo tunazoziita chekechea.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili, 1782, katika kijiji cha Oberweissbach, jimboni Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na mama wa kambo hakumpenda. Alikua katika upweke, akizoea kutazama mimea na mawe, mpaka alipofika umri wa miaka kumi ndipo mjomba wake alipomchukua na kumlea kwa upole. Tunaona kwamba mtu aliyekuja kuwatetea watoto wadogo aliujua mapema uchungu wa utoto usiotunzwa.

Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga. Mwaka 1797 alipelekwa kujifunza kazi ya misitu. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena, lakini hakumaliza masomo, na alipata hata kufungwa kwa sababu ya deni. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt kwa nia ya kusomea usanifu wa majengo. Huko alipewa nafasi ya kufundisha katika shule iliyofuata njia za Pestalozzi, na mara akatambua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Kuanzia mwaka 1808 hadi 1810 aliishi Yverdon, nchini Uswisi, karibu na Pestalozzi mwenyewe, akijifunza jinsi mtoto anavyopata maarifa kwa kutazama na kushika vitu halisi.

Baadaye alisoma elimu ya madini mjini Berlin. Mwaka 1813 alijiunga na jeshi la kujitolea lililopigana na Napoleon, na aliporudi alifanya kazi katika makumbusho ya madini. Kazi yake ilikuwa kuchunguza fuwele. Aliona jinsi fuwele zinavyojengeka kwa mpangilio, sehemu kwa sehemu, hata zikawa umbo kamili. Fikra hiyo ya sehemu na umbo zima haikumtoka tena.

Mwaka 1816 alianzisha shule yake, ambayo mwaka uliofuata ilihamia Keilhau. Mwaka 1826 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya binadamu. Hata hivyo, kazi iliyomletea sifa aliianza akiwa na umri wa miaka 55. Mwaka 1837, katika mji wa Blankenburg, alianza kutengeneza vifaa vya kuchezea alivyoviita zawadi, na mwaka 1840 akaipa shule yake jina lenye maana ya bustani ya watoto.

Inafaa tuzitazame zawadi hizo kwa makini. Ya kwanza ni mipira 6 laini ya rangi mbalimbali. Ya pili ni tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu ni mchemraba wenye upande wa inchi 2, uliokatwa ukatoa michemraba 8 ya inchi 1. Ya nne ni mchemraba wa ukubwa ule ule, lakini uliogawanywa katika matofali 8, kila moja likiwa na urefu wa inchi 2, upana wa inchi 1 na unene wa nusu inchi. Ya tano ni mchemraba wa inchi 3 wenye vipande 39, baadhi vikiwa vimekatwa kwa mshazari ili mtoto aweze kuezeka paa.

Matumizi yake nayo yalikuwa na utaratibu. Kisanduku kilifunuliwa kwa namna ambayo mtoto aliuona kwanza mchemraba mzima, ndipo akautenganisha. Alijenga juu ya meza iliyochorwa miraba ya inchi moja moja. Alitakiwa kutumia vipande vyote, na alipotaka kujenga kitu kipya hakubomoa cha kwanza, bali alihamisha vipande vichache hadi kiti kikawa ngazi, na ngazi ikawa daraja. Vipande vile vile 8 vilitoa vitu vya maisha ya kila siku, mapambo yenye ulinganifu, na maarifa ya hesabu: nusu, robo na thumni.

Froebel aliona pia kwamba kazi hiyo haiwezekani bila walimu waliofunzwa, na katika miaka yake ya mwisho aliwafundisha wasichana ualimu huko Marienthal. Lakini mwezi Agosti, 1851, serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule zake, ikimchanganya na mpwa wake aliyeandika juu ya siasa za mabadiliko. Froebel alilalamika bila kusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni, 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860. Juu ya kaburi lake pamewekwa mchemraba, mcheduara na tufe.

Zawadi zake zilisambaa duniani. Mwaka 1876, katika maonyesho ya Philadelphia, mama mmoja wa Kimarekani aliziona akamnunulia mwanawe; mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, akawa msanifu majengo mashuhuri. Mwaka 1995, James Jessiman wa Australia alitengeneza programu iitwayo LDraw, ambayo humwezesha mtu kupanga matofali ya kuchezea katika kompyuta, tofali baada ya tofali, mpaka jengo likamilike. Mbao haipo, lakini kanuni ni ile ile: vipande vyenye vipimo maalumu, vinavyounganishwa kwa mpango.

Hata hivyo, zana haifundishi yenyewe. Baada ya Froebel kufariki, baadhi ya wafuasi wake waliwaketisha watoto mbele ya vipande na kuwaamrisha kukisogeza hiki kulia na kile kushoto. John Dewey na wengine walilikosoa zoezi hilo, na walikuwa na haki. Ni kweli kwamba Froebel mwenyewe aliweka taratibu nyingi, lakini shabaha yake ilikuwa mtoto atende kwa nguvu ya fikra zake.

Basi mwanachuo, uwe na vipande vilivyorandwa na seremala wa jirani au uwe na kompyuta, jiulize swali moja kabla ya somo: ni nani atakayeamua kipande kiwekwe wapi? Ikiwa ni mwalimu peke yake, mtoto amejifunza kutii tu. Mwache ajenge kwanza, umtazame, kisha umsaidie kukitaja na kukihesabu alichokijenga.